Nilivyoshika Usukani Nikiwa na Miaka 43, Tena Ugenini

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa baba alipomkabidhi usukani kwa mara ya kwanza, katika mlango wa bahari ulio kati ya Lamu na Manda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeketi chini karibu na ngama, pale maji yanapokusanyika ndani ya mashua, kopo la kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, mkononi. Sikuonewa. Ndivyo mambo yalivyokuwa: wavulana waliendesha, na msichana akibahatika kuchukuliwa alifua maji na kulinda kapu la samaki. Kila Maulidi nilisimama ukutani na wenzangu kutazama mashindano ya mashua, nikijua jina la kila kamba na kila ubao, ilhali mkono wangu haukuwahi kushika demani, kamba ya kuongozea tanga.

Nilishika demani kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 43, muuguzi, mama wa watoto wawili, katika maji ya kijivu ya kusini mwa Uingereza. Tangu hapo Waswahili wenzangu wengi walioko huku wameniuliza nilianzaje, nililipa kiasi gani, na kama kweli watu wetu wanapokewa. Nitaeleza yote, pamoja na makosa matatu niliyofanya. Mojawapo lingeweza kutuua watu wawili.

Naishi Portsmouth, karibu na Langstone Harbour, ghuba pana ya matope na vijito iliyo kati ya mji wetu na kisiwa cha Hayling. Kwa miaka kumi na miwili nilipita kando ya ghuba hiyo nikienda kazini, nikawaona Waingereza majini kila msimu, hata Januari, hata mvua ikinyesha. Nilidhani ni mchezo wa matajiri. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Solent kuna Cowes, ambako mashindano ya mashua za matanga yamefanyika karibu kila kiangazi tangu 1826, na picha zake ni za mashua nyeupe zinazong'aa na watu waliovaa nguo za bei kubwa. Nikajiambia, huko si kwetu.

Korona ndiyo iliyonifumbua macho. Watu walipokatazwa kusafiri nje, mji mzima ulihamia majini. Majirani ambao sikuwahi kuwaona na hata kasia walinunua mbao za kupuliza upepo, zile unazosimama juu yake na kupiga kafi, wakazibeba mgongoni kwenye mifuko mikubwa. Fundi bomba wa mtaa wetu alikuwa na kayaki. Mwalimu wa shule ya binti yangu alikuwa na mashua ya tanga ya mita tatu, akaniambia kwamba aliinunua kwa bei ndogo kuliko baiskeli yangu. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

Nilichokuta ni klabu ndogo iliyo ukingoni mwa ghuba: nyumba ya mbao, jiko, chumba cha kubadilishia nguo chenye maji ya moto yasiyoaminika, na uwanja wa changarawe wenye mashua kama themanini zilizofunikwa maturubai. Ada ya uanachama kwa mwaka ilikuwa pauni 165. Niliuliza mara mbili kama ni kwa mwezi. Bei iko chini kwa sababu hakuna mtu anayelipwa. Kila mwanachama ana siku zake za zamu katika mwaka: leo unaendesha boti ya uokoaji, mwezi ujao unapika chai na kukaanga mayai, siku nyingine unapuliza king'ora cha kuanzisha mashindano na kuandika matokeo. Profesa huosha vyombo na seremala humwelekeza pa kuviweka. Ukitaka kuwaelewa Waingereza wanaopenda mashua, acha Cowes, nenda ukakae jikoni mwa klabu kama hiyo Jumapili moja ya mvua. Sijaona mahali pengine katika nchi hii ambapo mgeni anaombwa kusaidia kabla hajaulizwa anatoka wapi.

Nilijiandikisha kwa kozi ya wanaoanza, inayofuata mpango wa RYA, chama cha kitaifa cha mashua kilichoanzishwa 1875. Ngazi ya kwanza na ya pili, wikendi mbili, pauni 230. Hapa niseme jambo ambalo linawashangaza wengi: kwa sheria ya Uingereza, mtu anayeendesha mashua yake ndogo ya starehe baharini halazimiki kuwa na leseni. Unaweza kununua leo na kuondoka kesho. Lakini uhuru huo usikudanganye. Bahari ya huku haifanani na yetu, na kozi ile ndiyo iliyonifundisha hivyo, tena katika saa ya kwanza.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa miaka sabini na mbili, mwembamba, mikono migumu kama ya mvuvi. Alituomba tumwite kwa jina lake. Mimi sikuweza kumwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina tupu, nikamwita Mwalimu. Alipenda neno lile, akauliza maana yake, na leo nusu ya klabu inamwita hivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa nguo. Ilikuwa Aprili, jua linawaka, hewa tamu. Nilikuwa nimenunua suti ya mpira ya kiangazi, nyembamba, kwa pauni 35. Kwa kuwa suti hiyo hubana na kuonyesha umbo, nilivaa juu yake kanzu fupi ya pamba, na kichwani hijabu yangu ya kila siku. Mwalimu alinitazama, akaniuliza kama nina koti jepesi lisilopitisha maji. Nikasema niko sawa. Sikutaka kuwa yule mgeni mwenye matatizo.

Somo la kupinduka huja mapema. Unaipindua mashua kwa makusudi, ukiwa karibu na boti ya uokoaji, ili ujifunze kuinyanyua. Maji ya ghuba siku hiyo yalikuwa na nyuzi kama 10. Maji ya Lamu hayapungui sana chini ya 25 mwaka mzima. Huko mtu huanguka baharini akacheka. Nilipozama, kifua changu kilivuta pumzi chenyewe, kwa nguvu, bila ruhusa yangu. Kisha ikaja nyingine, na nyingine. Nilifungua mdomo kusema nikashindwa. Nimekaa miaka mingi kando ya vitanda vya wagonjwa nikiwaambia, pumua polepole, pumua nami. Pale pumzi haikuwa yangu hata kidogo. Na ile kanzu ya pamba ililowa ikawa nzito, ikanisokota miguu, ncha yake ikanasa kwenye kipande cha chuma cha kufungia kamba.

"Lala chali," Mwalimu aliniita kutoka botini, sauti yake ya kawaida kabisa. "Usiogelee. Usifanye kitu. Lala chali tu."

Nililala. Kizibao cha kuelea kikanishikilia. Baada ya dakika moja, pengine moja na nusu, pumzi ilirudi mikononi mwangu, nikaweza kuinasua kanzu na kuishika mashua.

Tangu siku ile namweleza kila ninayekutana naye. Watu wengi wanaokufa katika maji baridi hawafi kwa kuganda. Hufa katika dakika za mwanzo, kwa sababu ngozi ikipigwa na baridi ghafla, mwili huvuta pumzi wenyewe, na kama uso uko chini ya maji wakati huo, kinachoingia ni maji. Moyo nao hukimbia, na ukiwa na shida ya moyo unaweza kusimama. Maji yoyote yaliyo chini ya nyuzi 15 yanaweza kukufanyia hivyo, na bahari ya Uingereza huwa chini ya hapo karibu nusu ya mwaka au zaidi. Mtu anayejua kuogelea yumo hatarini vilevile, kwa sababu hukimbilia kuogelea. RNLI, chama cha uokoaji wa baharini, kinafundisha maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyasema hivi: elea kwanza, ndipo uishi. Kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, mikono na miguu ikicheza kidogo, subiri mpaka pumzi itulie.

Kwa dada zangu wanaojistiri: inawezekana kabisa, nami sijaacha. Suti ya mpira nene ya milimita 4 au 5, juu yake koti fupi la plastiki lenye mpira kiunoni na mikononi, na suruali yake pana ya aina hiyohiyo. Hakuna kinachoonekana na hakuna kinachonasa. Kichwani, hijabu ya michezo inayobana, kisha kofia ya mpira juu yake. Pamba iache nyumbani. Kwa majira ya baridi nilitafuta suti kavu isiyopitisha maji iliyokwisha kutumika, pauni 160, na chini yake navaa nguo za sufu. Kuhusu kubadilisha nguo, mwambie mtu wa klabu mapema. Mimi niliogopa kusema, nikabadilisha garini kwa wiki tatu, kumbe kulikuwa na chumba chenye komeo.

Na elewa tofauti ya vitu viwili ambavyo sisi sote huviita jaketi. Kizibao cha kuelea, chenye nguvu ya nyutoni 50, kinakusaidia kukaa juu ukiwa na fahamu na msaada uko karibu. Ndicho tunachovaa katika mashua ndogo. Jaketi okozi lenye nyutoni 150 limetengenezwa likugeuze uso utazame juu hata kama umezimia. Usinunue la kwanza ukidhani umepata la pili.

Siku ya pili ya kozi nilipewa usukani peke yangu. Maneno yote ya nyumbani yalirudi: joshi, yaani upande upepo unakotoka, demani, kubisha, tanga kulegea. Lakini kujua neno hakukuniwezesha. Mashua zile ndogo zina mkono wa usukani ambao ukiusukuma kulia, omo, yaani pua ya mashua, inakwenda kushoto, na vidole vyangu vilikataa kuelewa. Nilipiga bisho la kwanza, yaani kuigeuza mashua kwa kuukata upepo, nikakwama katikati ya upepo, tanga likipigapiga. La pili hivyohivyo. La tatu mashua iligeuka, tanga likajaa upande wa pili, nikasikia maji yakianza kusema chini ya ubao. Nililia. Niliwaza baba angekuwa hai ningempigia simu. Nikampigia mdogo wangu.

"Umeshika demani mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe."

Alinyamaza kidogo. "Dada, tungekupa siku ile ungeshika tu. Hatukufikiri."

Sasa kosa la pili, nalo ni la fedha. Wiki mbili baada ya kozi nilinunua mashua. Nilipaswa kusubiri mwaka mzima na kutumia zile za klabu, ambazo mwanachama hukodi kwa pauni chache kwa siku. Lakini niliona tangazo la Mirror yenye matanga mekundu, pauni 400 pamoja na trela, nikashindwa kujizuia.

Lazima nieleze Mirror ni nini, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mchezo huu umeenea Uingereza kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror, lililosomwa na wafanyakazi wa kawaida, lilidhamini mashua ambayo mtu angeweza kuijenga mwenyewe gereji. Waliobuni ni Jack Holt, mchoraji wa mashua, na Barry Bucknell, aliyejulikana kwa kufundisha ufundi wa nyumbani kwenye televisheni. Ilikuja katika vipande vya mbao nyembamba, kwa bei ya pauni 63 na shilingi 11. Huhitaji kuwa fundi. Zimejengwa zaidi ya 70,000. Wazee wengi wa klabu yetu walianza ndani ya Mirror iliyojengwa na baba zao, baadhi yao sebuleni, ikabidi dirisha ling'olewe ili itoke. Kabla ya hapo mashua ya tanga ilikuwa kitu cha mtu mwenye nafasi. Baada ya hapo mtoto wa dereva wa basi naye alikuwa na yake.

Ya kwangu ilikuwa imejengwa miaka ya 1970. Sikujua kukagua. Nilitazama rangi, nikatazama matanga, nikalipa. Mwalimu alipoiona alichukua bisibisi, akaichomeka taratibu pembeni mwa shimo la ule ubao unaoteremshwa tumboni, ikaingia kama kwenye keki. Mbao zilikuwa zimeoza. Vifaa vya kutengenezea vilinigharimu pauni 190. Tairi za trela pauni 70. Bima, ambayo klabu huilazimisha kwa ajili ya madhara kwa wengine, pauni 62 kwa mwaka. Nafasi ya kuegesha uwanjani pauni 140. Ushuru wa bandari juu yake. Ile mashua ya pauni 400 ilikuwa imevuka 900 kabla haijagusa maji, na mume wangu, ambaye ni mpole, aliuliza mara moja tu.

Kwa hiyo, ukienda kununua, nenda na mtu mzima wa klabu. Gonga mbao kwa kidole kila mahali usikie sauti. Mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Ijaze mashua maji kutoka ndani uone yanatokea wapi. Omba uione imesimamishwa mlingoti na tanga, usikubali kuambiwa kila kitu kimo mfukoni. Na kabla ya yote uliza kama klabu ina nafasi ya kuiweka, maana nyumba za huku hazina ua wa kutosha.

Nilitengeneza ile mashua majira yote ya baridi. Nitarudi kwenye jambo nililoliona nilipoibandua rangi.

Kosa la tatu ni la maji kujaa na kupwa.

Mimi ni mtu wa Lamu. Najua bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu, tangu sijajua kusoma. Baba alitazama mwezi akajua saa ya kutoka, na upepo nao ulikuwa na miezi yake, kusi na kaskazi, haubadiliki ovyo. Kujua huko ndiko kulikoniponza, kwa sababu nilidhani nimeshajua. Huku upepo hugeuka mara tatu kabla ya adhuhuri, na utabiri unausikiliza redioni asubuhi. Waingereza wana taarifa ya hali ya bahari inayosomwa kwa majina ya maeneo, letu ni Wight, na klabuni watu hunyamaza ikianza kusomwa. Kuhusu maji, kila mtu ana jedwali la mwaka mzima.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, Jumamosi ya bamvua. Nilikuwa na mwenzangu wa kazini, kijana kutoka Tanga, aliyekuwa ameniomba kwa wiki nyingi nimchukue. Jedwali lilisema maji yatafika mwisho wa kupwa saa 16:58. Nikabadilisha kichwani, kama tunavyofanya sisi: saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Tutoke mlangoni na maji yanayopwa, tuzunguke nje kidogo mbele ya ufuo, kisha saa kumi na moja na robo maji yakianza kujaa yaturudishe ndani.

Tulipofika mlangoni kurudi, upepo ulikuwa umekufa. Hilo nililitarajia, maji yangetubeba. Lakini hayakutubeba. Mlango wa Langstone ni mwembamba, na ghuba nzima inajimwaga kupitia hapo. Nilitazama boya la mlangoni likiwa limelala upande, povu likipita kandokando yake, nalo lilielekea baharini. Tulipiga kafi. Tulikuwa na kafi moja. Nyumba za Hayling zilianza kurudi nyuma, na upande wa Hayling niliona mawimbi yakivunjika juu ya fungu la mchanga liitwalo East Winner. Nanga sikuwa nayo. Sikuona haja ya nanga katika mashua ya mita tatu.

"Dada," yule kijana alisema, "piga simu."

Nikasema tungoje kidogo. Nawaambia ukweli wa moyo wangu wakati ule: nilikuwa naona aibu kuliko hofu. Mwanamke pekee mweusi klabuni, mwenye hijabu, aokolewe mbele ya watu. Niliwaza watasema nini. Tulipoteza kama dakika ishirini kwa aibu hiyo, na katika dakika hizo tulisogea mbali kuliko saa nzima iliyotangulia.

Alirudia, safari hii bila kuniita dada. Nikatoa simu kwenye mfuko usioingia maji, nikapiga 999, nikaomba walinzi wa pwani. Kumbuka hilo: ukipiga kutoka majini au ufukweni, ukiulizwa unataka huduma gani, usiseme polisi wala ambulensi, omba walinzi wa pwani. Waliuliza tuko wapi, tunaona nini, tumevaa nini, kuna mtu ana baridi. Boti ya RNLI ilitufikia haraka kuliko nilivyotarajia. Kituo chao kiko palepale Eastney, ndani ya mlango.

Walikuwa watatu. Mmoja alitupa kamba, mwingine akamfunika kijana blanketi, wa tatu akaniuliza tulipanga kurudi saa ngapi. Nilimweleza. Akatazama saa yake, akaniuliza kwa upole kama niliongeza saa moja.

Majedwali mengi ya maji huandikwa kwa saa ya Greenwich mwaka mzima. Lakini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Ile 16:58 ilikuwa 17:58 ya saa niliyovaa mkononi. Nilikuwa nimegeuza kutoka saa za Kizungu kwenda za Kiswahili kwa ustadi wote, nikasahau saa iliyo katikati. Maji yalikuwa bado yana zaidi ya nusu saa ya kutoka. Sehemu ya juu ya jedwali langu ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa herufi ndogo. Baadhi ya programu za simu zimeshaongeza saa hiyo tayari, nyingine hazijaongeza, kwa hiyo lazima usome kila moja inasema nini.

Nilipofika nchi kavu niliuliza nalipa wapi. Wale watu hawalipwi na hawatozi. RNLI ni chama cha hisani, kimekuwapo tangu 1824, na wengi wa wahudumu wake ni watu wa kujitolea. Aliyetupa kamba alikuwa ameacha chakula mezani. Nikamwomba msamaha kwa kuwasumbua kwa jambo ambalo labda lingetengemaa lenyewe. Akaniambia kosa langu lilikuwa kuchelewa kupiga. Tangu wakati ule nachangia kila mwezi, na sasa ndani ya mashua kuna nanga ndogo ya kukunja yenye kamba ya mita 30, makafi mawili, redio ya mkononi isiyoingia maji ambayo nimefanya mtihani wa kuitumia, na karatasi nyumbani inayosema tumekwenda wapi na turudi saa ngapi.

Aibu niliyoiogopa haikuja. Jumapili iliyofuata watu klabuni walinisimulia, mmoja baada ya mwingine, siku zao za kuvutwa. Mzee mmoja amevutwa mara nne.

Kama huishi karibu na bahari usikate tamaa. Rafiki yangu wa Birmingham hukodi mashua ndefu nyembamba ya mifereji pamoja na watoto wake, wakipika pilau humo ndani huku wakienda maili nne kwa saa, ndiyo mwendo wa juu unaoruhusiwa. Mifereji ile ilichimbwa kubeba makaa ya mawe enzi za viwanda, leo ni ya mapumziko. Huko, tofauti na baharini, chombo lazima kiwe na leseni, hata ule ubao wa kupuliza. Na ukiupanda ubao huo, usitoke upepo ukivuma kuelekea baharini, hata maji yakiwa kama kioo. Ufungwe kamba ya kukuunganisha nao. Kwenye mto unaokwenda, kamba hiyo iwe ya kiunoni, ya kufunguka kwa kuvuta mara moja, isije ikakunasa kwenye tawi.

Nimeahidi kurudi kwenye rangi. Nilipoibandua Mirror yangu, chini ya tabaka za buluu na nyeupe, kwenye viungo vya mbao nilikuta vishimo vidogo viwili viwili, na ndani yake vipande vya waya wa shaba. Ndivyo zinavyojengwa: mbao hushonwa kwa waya kupitia vishimo, kisha mshono hufunikwa kwa utepe na gundi. Niliketi sakafuni. Mababu wa Pate, Faza na Siu walishona mitepe, mashua za kale za kwetu, kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, na mtepe wa mwisho ulikwisha kabla baba hajazaliwa. Nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu.

Alipiga simu usiku uleule. "Nani aliishona?"

Nikamwambia, mtu fulani gereji, miaka hamsini iliyopita, Mwingereza, jina lake silijui.

"Ameshona vizuri," akasema. Kisha akaanza kuniuliza kuhusu mlingoti, na ile boriti fupi inayopandishwa juu ya mlingoti kama foromali yetu, na kama tanga linafika joshi vizuri. Anakuja Juni kwa wiki tatu. Nimeshamtafutia suti ya mpira ya milimita 5, na Jumamosi ya kwanza jedwali linasema maji yatajaa saa 11:40, yaani saa saba kasoro dakika ishirini mchana kwa saa ya mkononi. Amesema atafua maji.